Kwa Nini Barafu ya Mlima Kenya Inapungua

Mkulima wa Njoro, Molo au Bahati aweza kuuliza, "Mlima Kenya uko mbali, barafu yake yanihusu nini?" Yakuhusu, kwa maana mambo yanayoipunguza barafu ni mvua na joto, nayo yako pia shambani mwako.

Halford Mackinder alipofika kileleni mwaka 1899, mlima ulikuwa na barafu 18 hivi. Leo nyingi zimekwisha. Barafu ya Lewis, iliyopimwa kuliko zote, ilipoteza karibu sehemu 9 katika kila 10 kati ya 1934 na 2010.

Je, ni kazi ya maumbile au ya watu? Barafu ni kama ghala la mahindi. Ghala hupungua kinachoingia kikiwa kidogo, au kinachotoka kikizidi. Kwa barafu, theluji ndiyo huingia. Jua na joto ndivyo hutoa.

Sababu ya kwanza ni ya maumbile. Mwisho wa karne ya 19 mvua ilipungua katika Afrika Mashariki, na Ziwa Victoria likashuka. Mlimani theluji ikawa haba, na mawingu ya kuikinga barafu na jua yakawa machache.

Sababu ya pili ni ya watu. Moshi wa makaa ya mawe na mafuta huongeza hewa ya kaboni, ambayo huzuia joto lisitoke, kama blanketi usiku. Angalia jambo hili: baada ya 2010 maziwa ya Nakuru, Naivasha na Baringo yalipanda mpaka yakaingia mashambani, lakini barafu ilizidi kupungua. Basi uchache wa mvua peke yake hautoshi kuwa sababu.

Mwaka 2014 wataalamu waliohesabu barafu za milima ya dunia nzima walieleza kwamba kati ya 1851 na 2010 watu walisababisha karibu robo ya kuyeyuka; lakini kati ya 1991 na 2010 pekee, karibu theluthi mbili.

Hata hivyo, Mto Njoro ukikauka usiilaumu barafu. Maji yake hutoka msitu wa Mau, ambako barafu haipo. Viwanda vya mbali huwezi kuvizima, lakini ukingo wa mto uko mikononi mwako. Usilime mpaka majini. Panda miti ya kienyeji, wala si mikaratusi. Katika mteremko chimba makingamaji, na ukitaka kupimiwa, mwone afisa wa kilimo kabla ya mvua.