Konde la mbavuni: Ni bondia yupi aliyelijua zaidi?

Mashabiki wa ndondi wakikutana, mabishano huwa juu ya makonde ya kichwa: nani alimlaza nani, na katika raundi ya ngapi. Ni mara chache mmoja wao huuliza swali lililo gumu zaidi, yaani ni bondia yupi aliyejua kupiga mwili. Hapo ndipo utasikia wakitajwa Joe Frazier, Julio César Chávez wa Mexico, Bernard Hopkins, Micky Ward, na miongoni mwa wa siku hizi, Canelo Álvarez na Mjapani Naoya Inoue. Nami naomba nafasi katika mjadala huo, lakini nitaamua kwa macho ya daktari. Huwezi kusema fulani alipiga vizuri kabla hujajua alikuwa akipiga nini.

Hebu msomaji, weka kiganja chako upande wa kulia, pale mbavu zinapoishia. Hapo ndipo lilipo ini, lenye uzito wa kilo moja na nusu hivi kwa mtu mzima. Sehemu yake kubwa imejificha nyuma ya mbavu, lakini ukingo wa chini hauna kinga ya kutosha, hasa mtu anapovuta pumzi ndefu au anapoinua kiwiko ili arushe konde lake. Nyama ya ini yenyewe haina hisia ya maumivu. Kinachouma ni utando mwembamba unaolifunika. Konde likitua sawasawa, utando huo huvutwa kwa ghafla, mishipa ya fahamu hupeleka habari, mapigo ya moyo na shinikizo la damu huweza kushuka, na miguu ikalegea. Yote hayo huchukua muda mfupi, na ndiyo sababu utamwona bondia amepigwa, bado amesimama, kisha baada ya sekunde moja hivi anapiga magoti. Fahamu hazijampotea. Anamsikia refa akihesabu, ila mwili umekataa kuinuka.

Mfano ulio bora kwangu ni wa tarehe 18 Septemba 2004, Las Vegas. Oscar De La Hoya, aliyekuwa bingwa wa Olimpiki mwaka 1992, alikutana na Hopkins. Katika raundi ya tisa Hopkins alizungusha mkono wa kushoto, konde likaingia kwenye ini. Halikuonekana kuwa zito, na wengi walihitaji kuonyeshwa tena kwenye runinga ndipo wakaamini. De La Hoya alibaki chini akipiga sakafu ya ulingo kwa ngumi mpaka hesabu ikaisha. Ricky Hatton wa Uingereza alimfanyia José Luis Castillo vivyo hivyo mwezi Juni 2007, katika raundi ya nne.

Kuna shabaha nyingine, chembe cha moyo, pale katikati chini ya kifua. Ukipigwa hapo, msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo hukakamaa, na kwa muda huwezi kuvuta hewa. Bob Fitzsimmons alimnyang'anya James J. Corbett ubingwa wa dunia kwa konde la namna hiyo mwaka 1897 huko Carson City, Nevada, raundi ya 14.

Sasa wapo watakaosema nimemsahau George Foreman, ambaye hakuna aliyemshinda kwa nguvu. Lakini kumbukeni Kinshasa, Oktoba 1974. Foreman alimwaga makonde kwenye mwili wa Muhammad Ali aliyeegemea kamba, na mengi yaliishia kwenye mikono na viwiko. Kufikia raundi ya nane aliyechoka alikuwa Foreman mwenyewe. Nguvu bila shabaha ni jasho tu.

Kwa hiyo uamuzi wangu ni huu. Kwa konde moja, Hopkins. Kwa kazi ya miaka mingi, Chávez. Mkono wa kushoto hukutana na ubavu wa kulia wa mpinzani, na Chávez aliutumia huo kwa subira, raundi baada ya raundi, hata mikono ya mpinzani ikashuka yenyewe kuzilinda mbavu. Mashabiki wa Micky Ward watanilaumu, nao wana hoja, kwa maana konde lake la kushoto lilimwangusha Arturo Gatti katika raundi ya tisa tarehe 18 Mei 2002. Hata hivyo Gatti aliinuka akamaliza pigano, jambo ambalo huonekana kwa nadra.

Kama daktari, nakiri kwamba napendelea pigano liishie tumboni kuliko kichwani. Robert Wangila wetu, aliyetuletea dhahabu kutoka Seoul mwaka 1988, alifariki Julai 1994 kwa majeraha ya kichwa baada ya pigano Las Vegas. Aliyeangushwa kwa konde la ini mara nyingi huwa amesimama na kuzungumza baada ya dakika chache.

Mara nyingi, lakini si kila mara. Ndani ya ulingo kuna refa, kuna glavu, na kupiga figo kwa nyuma ni marufuku. Nje ya ulingo hakuna hata kimoja. Na katika nchi yenye malaria kuna hatari ambayo mabondia wa Las Vegas hawaijui. Upande wa kushoto, chini ya mbavu, kuna wengu, ambao wengine huuita bandama. Malaria huuvimbisha, kichocho cha tumbo pia. Wengu uliovimba hutoka nje ya kinga ya mbavu, nao huweza kupasuka kwa pigo dogo la mzaha, la kiwiko katika kandanda, au la mume mkali nyumbani. Pigo la tumbo huenda lisiache alama yoyote kwenye ngozi, na wapo wapigaji wanaolijua hilo vizuri sana.

Damu inaweza kuvuja polepole ndani kwa saa nyingi, hata kwa siku kadhaa. Aliyepigwa tumboni au mbavuni asikae nyumbani akiwa na maumivu yanayozidi, kizunguzungu anaposimama, jasho baridi, midomo iliyopauka, moyo unaokwenda mbio, au damu kwenye mkojo. Maumivu kwenye bega la kushoto ambalo halikuguswa ni dalili ya wengu unaovuja. Asikandwe tumbo, asipewe aspirini, asile wala kunywa, apelekwe hospitali mara moja apimwe kwa ultrasaundi.

Vijana mnaojifunza ndondi, mkiwa mmetoka kuugua malaria, pigeni gunia na kuruka kamba tu, msipigane na mwenzenu hadi daktari aguse tumbo na kuhakikisha wengu umerudi mahali pake. Na yeyote anayefika hospitali aeleze alipigwa wapi na saa ngapi, hata kama aliyempiga ni rafiki na walikuwa wakicheza.