Nyumba ya London yenye kuta za Damascus

Sisi wa Ghuba tukienda London wakati wa joto njia zetu zajulikana. Edgware Road kula, Oxford Street kununua, Hyde Park kukaa kitako watoto wakikimbia. Mwaka ujao tena vivyo hivyo. Leo nawaomba muongeze kituo kimoja, kisha niwaambie kwa nini kituo hicho kimenitia mawazo tangu niliporudi Muscat.

Yaitwa Leighton House, iko Holland Park Road, Kensington. Kwa nje ni nyumba ya matofali mekundu, mtu waweza kuipita usigeuke. Aliyeijenga ni mchoraji Frederic Leighton, akaanza katika miaka ya 1860 na akawa anaiongeza na kuibadilisha kwa miaka 30 hivi. Alikuwa mkubwa wa wachoraji wa Uingereza zama zake, rais wa Royal Academy, na hakuoa. Katika jumba lote lile alijiwekea chumba kimoja tu cha kulala. Mgeni aje ale, asikilize muziki, aende kwao. Marehemu mamangu angemwita mchoyo.

Ukishapita ukumbi wa kwanza wa vigae vya buluu wafika mahali wanapopaita Arab Hall, na hapo ndipo mtu wa kwetu husimama. Juu kuba, katikati ya sakafu maji yabubujika kidogo kidogo, madirishani kimia cha mbao, na kuta nzima ni vigae vya Damascus vya karne ya 16 na 17, buluu na kijani, maua na majani. Umbo la ukumbi lilichukuliwa kwenye jumba la La Zisa la karne ya 12 huko Palermo, kisiwani Sicily. Juu ukutani pana maandishi ya Kiarabu, mwanzo wa Suratur Rahman. Mjukuu wangu wa miaka tisa aliisoma kwa sauti kabla mimi sijapata miwani yangu mkobani, watu wakageuka kumtazama.

Mkienda na watoto, waambieni wawatafute ndege. Baadhi ya vigae vina ndege waliokwaruzwa mstari shingoni. Yasemwa mwenye vigae wa kwanza aliona vibaya kuweka picha ya kiumbe chenye roho, basi akawachinja.

Sasa, vigae vya kuta za watu wa Damascus vilifikaje Kensington? Leighton mwenyewe alikwenda kule mwaka 1873, na alikuwa na marafiki wa kumtafutia. Mmoja wao alikuwa Richard Burton, balozi mdogo wa Uingereza Damascus kuanzia 1869 hadi 1871. Ndiyo, Burton yule yule. Aliyeshuka Unguja Desemba 1856, akaja Mombasa mwanzo wa 1857, kisha akaenda bara na Speke hadi Ziwa Tanganyika, Sidi Mubarak Bombay akiwa nao. Padri aliyetufundisha historia sekondari aliichora safari ile ubaoni kwa chaki za rangi, kituo kwa kituo. Habari ya vigae hakuitaja.

Burton alimwandikia Leighton barua mwaka 1871, na maana ya maneno yake ni hii: niko tayari kukubomolea nyumba, shida ni kuipata nyumba yenye vigae. Huenda ni mzaha wa marafiki. Lakini mimi ni mtu niliyezaliwa katika nyumba ya zamani, na mzaha huo haukunichekesha.

Leighton alifariki 1896. Vitu vyake vikapigwa mnada: michoro, mazulia, viti, vyombo. Vilivyobaki ni vile vilivyoshikwa na ukuta. Nyumba ya chumba kimoja cha kulala haikupata mnunuzi, ikaishia kuwa makumbusho, na leo yaendeshwa na halmashauri ya mtaa. Lakini ilikuwa ganda. Kwa hivyo maonyesho ya sanaa mahali hapa si pambo, ndiyo yanayoirudishia nyumba pumzi yake.

Kwa mfano, kati ya Novemba 2016 na Aprili 2017 waliileta Flaming June, ile picha ya mwanamke aliyelala kwa nguo ya rangi ya chungwa. Leighton aliichora nyumbani humo humo, mwaka 1895. Siku hizi ni mali ya makumbusho ya Ponce, Puerto Rico. Basi ikarudi nyumbani kama mgeni, ikatundikwa miezi kadhaa, ikaenda zake. Tena 2024 hadi 2025 walionyesha michoro midogo ya mandhari aliyokuwa akiichora safarini, ambayo mingi aliiweka kwake akiitazama mwenyewe.

Haya yote ni mazuri, ila ni mwenye nyumba akizungumza na nafsi yake. Jambo jipya lilikuja Oktoba 2022, nyumba ilipofunguliwa tena baada ya matengenezo makubwa. Ngazi mpya ya kuzunguka inateremka hadi chini ya ardhi, na ukuta wake wa mviringo, kama mita 11 kwenda juu, alipewa msanii wa Iran, Shahrzad Ghaffari. Mchoro wake, Oneness, umetokana na shairi la Rumi. Si khati ya kusomeka. Ni mikono ya herufi iliyovutwa mpaka ikawa mawimbi, na rangi yake ni feruzi ya vigae vya kule ukumbini. Ukiteremka wazunguka nao. Mimi magoti yangu hayapendi ngazi, lakini nilishuka na kupanda mara mbili.

Pia waliagiza samani mpya kutoka kwa mafundi wa Amman, Jordan, baadhi yao Wasyria. Hapo nilikaa kwa muda. Mkono wa fundi wa Sham umeingia tena katika nyumba ile, safari hii kwa kuagizwa na kulipwa. Haifuti barua ya Burton. Lakini ni jibu, na mwenye nyumba wa leo ameliomba mwenyewe.

Bustani iko nyuma, miti na majani, na ukiwa nje waliona dirisha kubwa la chumba cha kuchorea. Tulikaa huko binti yangu akapumzika. Jumanne hufungwa, msije mkafika mlangoni na watoto mkarudi.

Na kwa walioko Muscat, si lazima ndege. Bait Al Zubair, Muscat ya zamani, ni mfano wa karibu: majumba, bustani, na ndani yake Gallery Sarah inayoonyesha kazi za wasanii wa sasa. Wangapi kati yetu tumewapeleka watoto?

Nayasema haya kwa sababu jambo lenyewe liko kwangu pia. Nyumba ya babu yetu iko Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, na sisi warithi tumetawanyika: Muscat, Dubai, Leicester, wawili tu wamebaki Mombasa. Paa lavuja. Mwezi uliopita mtu alikuja na bei nzuri, wala haitaki nyumba. Anautaka mlango na fremu yake ya nakshi, akautie kwenye hoteli. Milango ya Pwani imeondoka hivi tangu zamani, Lamu hata ubavu wa zidaka waweza kukuta umeng'olewa.

Ndugu zangu wasema pesa ya mlango itatengeneza paa. Hoja hiyo siidharau, paa ni paa. Mimi nimewaandikia kwenye kundi letu la WhatsApp kwamba kuna vijana wachoraji Mombasa na Lamu. Tuwape ukumbi wa chini miezi mitatu, wachore wanachokiona humo, watu waje waone, kiingilio kisaidie paa. Kaka yangu wa Leicester amejibu kwamba mwalimu hata akistaafu hafungi darasa. Lakini juzi alikwenda Holland Park Road na wanawe, akaniletea picha ya ndege mmoja, shingo imekwaruzwa, bila neno lolote.

Mnunuzi ataka jibu kabla ya Ramadhani. Dada yetu wa Dubai bado hajaandika kitu.