Kauri, Pesa na Hela Juu ya Stempu

Mwezi huu nataka kuwaeleza habari za kitu kidogo sana, nacho ni stempu, kile kikaratasi kibandikwacho juu ya bahasha ili barua ichukuliwe. Wengi huitazama mara moja tu, na barua ikiisha kusomwa, bahasha hutiwa motoni pamoja na stempu yake. Mimi nilifanya vibaya kuliko hao, kama mtakavyosikia mbele.

Natuanze na Uganda. Mwaka 1894 Waingereza waliifanya nchi ile kuwa chini ya ulinzi wao. Reli ya kutoka Mombasa ilikuwa haijaanza kujengwa, na barua za boma na za misheni zilichukuliwa na matarishi kwa miguu. Stempu za nchi hazikuwapo. Basi mwaka 1895 Bwana George Wilson, mtumishi wa serikali, alimwendea Padre Ernest Millar wa misheni ya C.M.S. huko Mengo, kwa kuwa padre huyo alikuwa na mashine ya kupigia taipu. Padre akaketi mezani pake akazipiga stempu moja moja juu ya karatasi nyembamba: juu herufi mbili, U na G, katikati hesabu, na kandokando mistari iliyopigwa kwa mashine ile ile. Hapakuwa na picha, wala kichwa cha mfalme, wala vitundu vya kuchania. Zilikatwa kwa mkasi. Kila aliyewahi kupiga taipu ajua jinsi kidole kinavyopotea njia, na padre naye alikuwa mtu. Ziko zilizoandikwa U A mahali pa U G. Tena stempu za bei fulani zilipopunguka, hesabu ya zamani iliandikwa upya kwa kalamu, na kazi ikaendelea.

Lakini hesabu ile ilikuwa hesabu ya nini? Haikuwa rupia, wala ana, wala senti. Ilikuwa hesabu ya kauri. Palikuwa na stempu ya kauri 10, ya 20, ya 30, hata kufika 60. Kauri 200 zilikuwa sawa na rupia moja, kwa hiyo aliyebandika stempu ya 50 alilipa robo ya rupia.

Vijana wa leo huiona kauri katika mapambo tu, au mahali pa mchezo wa bao. Zamani zile ilikuwa mali. Ilitoka Bahari ya Hindi, ikachukuliwa na wafanya biashara mpaka bara, safari ya miezi; ikatobolewa mgongoni, ikatungwa katika kamba kwa mamia. Kwa kauri mtu alinunua mbuzi na ndizi, na kwa kauri alilipa faini. Kwa Kiganda jina lake ni ensimbi, na hata leo Mganda akitaja fedha husema ensimbi, ingawa mkononi ameshika noti au simu.

Kwa hiyo nasema stempu ile ya Mengo, ingawa haina uzuri wo wote, ina habari kuliko nyingi zilizoifuata. Kichwa cha malkia chatwambia ni nani aliyetawala. Stempu ya kauri yatwambia mama aliyekwenda sokoni alihesabu nini katika kiganja chake. Wazungu wawili waliitengeneza, mmoja wa serikali na mmoja wa misheni, lakini hawakuweza kuandika juu yake kipimo kingine ila kile walichokikuta katika nchi.

Haikukaa sana. Mwezi wa Novemba 1896 zilitoka stempu zilizopigwa chapa ya kweli, kazi ya Padre F. Rowling wa misheni ile ile, huko Usoga, nazo hesabu yake ilikuwa ana na rupia. Mwaka 1898 zikaja kutoka Uingereza zenye sura ya Malkia Victoria. Mwaka 1901 serikali ikaacha kupokea kauri kwa kodi. Mtu aliyekuwa amejiwekea akiba ya miaka mingi katika vyungu vyake, akabaki na vyungu vizito visivyolipa kitu. Hayo hayaonekani katika stempu. Lakini azipangaye kwa miaka, akaona kauri zimekoma na rupia zimeanza, amekwisha kuona mwaka ambao hasara ile ilianza kuja.

Upande wetu wa Bukoba tulikuwa chini ya Wadachi, nao walifanya kwa namna yao. Mwaka 1893 walichukua stempu za kwao Ulaya wakapiga juu yake neno PESA, maana pesa 64 zilikuwa rupia moja. Neno lenyewe lilifika pwani kutoka Bara Hindi kabla yao. Tangu mwaka 1901 stempu zao zilikuwa na picha ya merikebu ya Kaisari, kitu kisichohusu nchi hii hata kidogo. Mwaka 1905 wakageuza hesabu, rupia ikawa na heller 100, na hesabu ile ikaandikwa kwenye picha ya merikebu ile ile. Ndiyo hela yetu. Vita vya 1914 vikaondoa utawala wao. Mwaka 1922 ikaja stempu ya Tanganyika yenye kichwa cha twiga, kwa senti na shilingi. Merikebu imesahauliwa, na Kaisari amesahauliwa, bali mtoto akitumwa dukani bado huuliza, "Hela iko wapi?"

Baadaye maneno mengine ya Kiswahili yakapanda juu ya stempu: UHURU ya Tanganyika mwaka 1961, na JAMHURI 1964 iliyogongwa juu ya sura ya Sultani wa Unguja. Hayo mengi mnayajua.

Sasa nirudi kwenye kosa langu. Babu yangu alipokuwa kijana alikwenda Jinja kufanya kazi ya bwawa la Owen Falls, na huko alipata habari kuwa bibi amejifungua mtoto wa kike. Akaandika barua ya kumpa mtoto jina. Babu hakuwa na desturi ya kuandika tarehe. Juu ya barua ameandika "Jumapili jioni", basi. Bibi akaiweka katika kopo pamoja na nyingine. Mimi nilipokuwa darasa la nne nililifungua kopo, nikaikata stempu ya bahasha ile kwa wembe, nikaibadili shuleni kwa gololi mbili.

Mtoto yule ndiye shangazi yangu. Kitabu cha ubatizo cha miaka ile kililiwa na mchwa, na wakubwa waliojua wamekufa. Mwaka jana alihitaji kuutaja mwaka wake wa kuzaliwa, akaniuliza, "Mwanangu, wewe uliyesoma, je, barua ya baba haisemi?"

Nakumbuka ilikuwa ya senti 30, nayo ilikuwa na picha ya maji. Nimejifunza baadaye ya kuwa stempu ya senti 30 ya Kenya, Uganda na Tanganyika, tangu mwaka 1935, ilionyesha daraja la Jinja karibu na Maporomoko ya Ripon. Mwaka 1954 bwawa lilikwisha, maji yakapanda yakayafunika maporomoko yale, hayaonekani tena. Na mwaka ule ule senti 30 mpya ikatoka yenye picha ya bwawa lenyewe. Kama yalikuwa maporomoko, yaelekea shangazi alizaliwa kabla ya hapo. Kama lilikuwa bwawa, ni mwaka ule au baada yake. Palikuwa na kichwa kidogo pia, cha mfalme au cha malkia, lakini sikukiangalia, nilipenda maji.

Bahasha bado ipo. Ina tundu la pembe nne, na kando ya tundu umebaki ukingo wa muhuri wa posta, nusu duara, wenye herufi J, I na N. Mwaka ulikwenda na stempu. Shangazi aliitazama, akaipitisha kidole tunduni, akanirudishia, akasema niiweke mahali pakavu.