Maji Katika Chombo Kilichoinamishwa

Mtu akiishika bilauri ya maji na kuiinamisha polepole, kuta za bilauri huinama na kitako chake huinama, lakini uso wa maji hauinami. Hubaki umelala sawasawa kama ulivyolala kabla ya mkono kuigusa bilauri. Katika jambo hili maji hayakitii chombo bali huutii uzito unaoyavuta chini, na sehemu yoyote iliyo juu kuliko jirani yake haina budi kuteremka mpaka zote ziwe katika usawa mmoja. Waashi wetu hulitegemea jambo hili kila siku, kwani hutia maji ndani ya mpira mrefu unaopitisha nuru, wakaweka ncha moja kwenye pembe hii ya nyumba na ya pili kwenye pembe ile, wakatia alama ukutani pale maji yaliposimama, na alama hizo mbili zikawa katika kimo kimoja ingawa ardhi baina yake ina mabonde na vichuguu.

Hata hivyo, jambo lililo dhahiri namna hii mbele ya macho si jepesi mbele ya fikra. Jean Piaget na Bärbel Inhelder, katika kitabu walichokitoa mwaka 1948 juu ya namna watoto wanavyoifahamu nafasi, walieleza jinsi watoto wadogo walivyotakiwa kuchora maji ndani ya chupa iliyolazwa upande, wakachora mstari ulio sambamba na kitako cha chupa, kana kwamba maji yamegandamana nacho. Wachunguzi waliofuata wakaona kuwa hata watu wazima wasio wachache hufanya kosa lilo hilo, ilhali wamekunywa maji katika vikombe umri wao wote. Naamini asili ya kosa ni kwamba jicho limezoea kukitazama chombo, likaghafilika na kilichomo.

Sasa tuchukue bilauri iliyo mcheduara kamili, yaani ambayo mdomo wake na kitako chake ni duara mbili zilizo sawa, yenye kimo cha sentimita 12 na nusukipenyo cha sentimita 4, na tuwaze mhimili unaotoka katikati ya kitako hadi katikati ya mdomo. Bilauri inapoinama, maji hupanda ukutani upande mmoja na kushuka upande wa pili, na kiasi cha kupanda ni sawa na kiasi cha kushuka. Kwa hiyo nukta ambayo uso wa maji unaukata mhimili haihami hata kidogo, maadamu maji hayajamwagika wala hayajaacha sehemu ya kitako ikiwa tupu. Yatokana na hayo kwamba mwenye kutaka kujua ujazo wa maji hana haja ya kuisimamisha bilauri: apime ukutani kimo cha maji pale yalipopanda kabisa na pale yaliposhuka kabisa, achukue wastani wa vimo viwili hivyo, akauzidishe kwa eneo la kitako, naye atapata jawabu ile ile ambayo angaliipata kama bilauri ingalikuwa wima. Kinachobadilika ni sura ya uso wa maji, ambao huacha kuwa duara ukawa duaradufu, mfano wa kipande cha muhogo uliokatwa mshazari: upana wake hubaki sentimita 8, na urefu wake huongezeka kwa kadiri chombo kinavyoinama. Serenus wa Antinoöpolis huko Misri aliandika kitabu kizima kuthibitisha kuwa duaradufu hii ya mcheduara ni jamaa moja na ile ipatikanayo kwa kuikata koni, na baadaye Thabit bin Qurra, mwanachuoni aliyefariki Baghdadi mwaka 901, akaandika kwa Kiarabu juu ya mikato hiyo hiyo ya mcheduara.

Faida kubwa ya elimu hii huonekana pale maji yanapofika mdomoni. Jaza bilauri pomoni, kisha imimine taratibu mpaka uso wa maji, ukiwa umeshika ukingo wa mdomo upande wa chini, ugusane sawia na ukingo wa kitako upande wa pili, hapo usimame. Maji yaliyobaki ni nusu kamili, si takriban nusu, kwa kuwa uso huo umeigawa bilauri katika vipande viwili vinavyolingana kwa kila hali, na ukikigeuza kimoja kitakaa mahali pa mwenziwe. Hila hii haihitaji rula wala hesabu, na hufaa kwa pipa la mafuta kama inavyofaa kwa bilauri. Bilauri yetu wakati huo imeinama digrii 56 na ziada kidogo kutoka wima, na duaradufu ya maji ina urefu wa sentimita 14.4.

Ukizidi kumimina, kitako huanza kuonekana, na kanuni ya mhimili hukoma. Tusimame tena pale uso wa maji, ukiwa bado umeushika mdomo, unapokikata kitako katikati, nusu kikiwa kimefunikwa na nusu kikiwa wazi. Maji yaliyobaki yana umbo linaloitwa ukwato, na ujazo wake ni theluthi mbili ya mraba wa nusukipenyo ukizidishwa kwa kimo: kwa bilauri yetu ni sentimita 128 za ujazo, bila ya desimali hata moja, ilhali bilauri nzima, yenye sentimita 603 na kitu, haihesabiki pasipo ile namba ya duara, 3.14159, isiyo na kikomo. Chombo ni cha mviringo, na namba ya mviringo imetoweka! Ajabu hii ina sababu yake. Ukiukata ukwato kwa vipande vyembamba vilivyosimama juu ya kitako, vyote vikiwa pembemraba kwa kipenyo kilichotenga penye maji na penye ukavu, kila kipande ni pembetatu, na pembetatu zote zina umbo moja ingawa ukubwa wake ni mbalimbali. Eneo la kila moja hufuata mraba wa upana wake, na mraba huo hulifuta lile duara, likabaki jambo la kujumlisha namba za kawaida.

Aliyegundua hayo kwanza ni Archimedes wa Syracuse, aliyeuawa mwaka 212 K.K. Katika risala aliyompelekea Eratosthenes huko Iskandaria alieleza kuwa ukwato ni sudusi ya sanduku la mraba linaloubana mcheduara. Na kwa hakika sanduku la bilauri yetu ni sentimita 768 za ujazo, ambazo sudusi yake ni 128. Nakala ya risala hiyo iliandikwa katika ngozi karne ya 10, ikakwanguliwa mwaka 1229 ili juu yake iandikwe sala za Kikristo, na haikusomwa tena kama kazi ya Archimedes mpaka Johan Ludvig Heiberg alipoitambua mjini Constantinople mwaka 1906. Ikapotea tena, ikauzwa mnadani New York mwaka 1998 kwa dola milioni 2, kisha ikachunguzwa Baltimore kwa nuru za namna nyingi zilizofufua maandishi yaliyofutwa.

Pipa likilazwa kabisa, tahadhari yahitajika. Mafuta yaliyofika robo ya kipenyo chake si robo ya pipa, bali ni asilimia 19.6 tu, kwa kuwa pipa lililolala ni jembamba upande wa chini; robo ya kweli hufika pale kina kinapokaribia asilimia 30 ya kipenyo.

Wala asidanganyike mtu kuitumia hila ya nusu kwa ndoo, ambayo mdomo wake ni mpana kuliko kitako. Ndoo yenye mdomo wa nusukipenyo 4 kwa kitako cha 3, ikiinamishwa mpaka maji yaguse mdomo upande huu na ukingo wa kitako upande ule, hubakiza asilimia 39 tu ya ujazo wake, na muuza maziwa akiihesabu kuwa nusu, mnunuzi hupunjwa zaidi ya sehemu moja katika kila tano za haki yake.