Nyoka wa chuma baharini: kwa nini mawimbi bado hayatuwashii taa

Kusi ikiingia na bahari ikachafuka, barazani hakosekani mtu wa kuuliza: nguvu yote hii inayopiga mwamba usiku na mchana, kwa nini haiwashi hata taa moja? Swali ni la haki, hasa kwa sisi tunaonunua tokeni za stima kwa bei tunayoijua. Na jibu lipo, kwa sababu kuna watu walijaribu kweli, kwa fedha nyingi na akili nyingi.

Kampuni iliyofika mbali zaidi katika kazi hii ilikuwa ya Scotland, ikiitwa Pelamis Wave Power. Iliasisiwa mwaka 1998 na mhandisi Richard Yemm. Pelamis lilikuwa jina la kitaalamu la nyoka wa baharini mwenye tumbo la manjano, ambaye hata maji yetu ya Bahari Hindi anayo makao. Ukiuona mtambo wenyewe huulizi kwa nini waliupa jina hilo.

Ulikuwa mapipa manne marefu ya chuma yaliyounganishwa kichwa kwa mkia, yote pamoja kama mita 120, yaani zaidi ya uwanja wa mpira. Unatiwa nanga bahari kuu, unaelea nusu umezama, kichwa kimeelekea linakotoka wimbi. Wimbi likipita chini yake, pipa la kwanza linainuka, la pili linafuata, la kwanza linashuka, na maungio yanapindapinda. Ndani ya kila ungio mna pampu za mafuta, za aina ile ile inayoinua bodi la tipa. Ungio likipinda, mafuta yanasukumwa kwa nguvu, yanazungusha mota, mota inazungusha jenereta, na stima inasafiri kwa kebo iliyolazwa chini ya bahari mpaka nchi kavu.

Tusichanganye mambo hapa. Wimbi si maji kujaa na kupwa. Bamvua na maji mafu ni kazi ya mwezi na jua, na mitambo yake ni mingine kabisa. Wimbi ni mtoto wa upepo, na huenda upepo wenyewe ulivuma maili elfu kutoka hapo linapovunjikia.

Mwaka 2004, katika visiwa vya Orkney kaskazini mwa Scotland, mtambo huo ulipeleka stima kwenye gridi ya taifa. Ulikuwa wa kwanza duniani kufanya hivyo ukiwa umeelea bahari kuu. Septemba 2008 mitambo mitatu ikazinduliwa Aguçadoura, kaskazini mwa Ureno, kila mmoja wa kilowati 750, jumla megawati 2.25. Wakubwa walihudhuria na kamera zikapiga picha.

Haikupita hata miezi mitatu, mitambo yote ikavutwa kurudishwa bandarini. Beringi za maungio zilikuwa zinalika kabla ya wakati wake. Zilipokuwa zikitafutiwa dawa, msukosuko wa fedha wa mwaka ule ukaiangusha kampuni ya Australia, Babcock & Brown, iliyokuwa na hisa nyingi zaidi katika mradi. Mitambo haikurudi tena baharini pale Ureno. Pelamis yenyewe ilijikokota, ikaunda mtambo mkubwa zaidi wa mita 180, ukajaribiwa Orkney, lakini Novemba 2014 ikakosa wa kuitilia fedha na ikawekwa chini ya wasimamizi wa mufilisi.

Mimi sioni kwamba walikuwa wajinga. Shida yao anaijua fundi yeyote wa jahazi: chombo hakijengwi kwa siku ya shwari. Maji ni mazito kuliko hewa zaidi ya mara 800, kwa hiyo wimbi la dhoruba halipigi kama upepo, linapiga kama lori. Inabidi utie chuma cha kustahimili siku mbaya kuliko zote, na chuma hicho ukilipie kwa stima ya siku za kawaida, ambayo ni kidogo. Juu yake ongeza chumvi. Tena mtambo wenyewe kazi yake ni kupinda, na penye kupinda ndipo pa kwanza kulika. Ukiharibika, fundi hawezi kuufikia mpaka bahari itulie, na bahari hutulia inapotaka yenyewe.

Lakini hadithi haikuishia hapo. Mwaka 2023 kampuni ya Sweden, CorPower Ocean, ilikwenda pale pale Aguçadoura na kitu tofauti: boya moja kubwa la upana wa mita 9, la kilowati 300. Fikra yake ilitoka kwa daktari wa moyo, Stig Lundbäck. Boya linavutwa chini kwa mkazo, wimbi linalisukuma juu, na mashine ndani yake hulifanya lidunde kwa mdundo wa wimbi, hivyo wimbi dogo huzaa mwendo mkubwa. Dhoruba ikija, mdundo unakatwa na boya linaacha wimbi lipite. Kampuni imesema boya lilivuka mawimbi ya hadi mita 18.5. Kuvuka dhoruba ndio mtihani wa kwanza. Wa pili ni bei, na huo bado.

Je, kwetu? Tuseme ukweli. Mawimbi yenye nguvu kubwa yako mbali na ikweta, kule kwenye pepo kali za kaskazini na kusini mwa dunia. Yetu ni ya wastani, yanapanda wakati wa kusi na kulegea wakati wa kaskazi. Tena mwamba unaotukinga ndio huo huo unaoyavunja, kwa hiyo mtambo lazima ukae nje yake. La heri ni kuwa sehemu nyingi za pwani yetu kina kirefu hakiko mbali, na kebo haingekuwa ndefu. Lakini shamba la upepo la Turkana lina megawati 310. Ukilinganisha na zile 2.25 za Ureno, utajua kwa nini serikali haikimbilii baharini.

Hata hivyo kampuni itakuja siku moja, na michoro ya rangi. Nje ya mwamba si uwanja mtupu. Mtambo na nanga zake unahitaji eneo lisilopitwa na nyavu wala mishipi, na eneo hilo lina wenyewe. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua wavuvi wa Lamu walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa kuathiriwa na ujenzi wa bandari, na hiyo ni baada ya ujenzi kuanza na kesi kupiganwa miaka. Mwaka uliofuata leseni ya mradi wa makaa ya mawe pale pale Lamu ilifutwa kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Wavuvi na kamati zao za BMU waulize mapema: eneo gani litafungwa, kwa miezi mingapi, nani ataondoa vyuma kampuni ikifilisika kama Pelamis, na stima itakayotoka itaingia nyumba za nani.