Andazi la Kigwena na safari ndefu ya ngano

KIGWENA, Rumonge. Alfajiri, kabla magari ya abiria yaendayo Nyanza-Lac hayajaanza kupita, karai la mandazi kando ya barabara huwa limeshapata moto. Wavuvi waliokesha ziwani hupitia hapo kabla ya kwenda kulala, na wabebaji wa mawese kabla ya kuanza kazi. Mteja wa siku zote akilitazama andazi lake na kuuliza, "Mama, mbona limepungua?", jibu huwa moja: "Unga umepanda, mwanangu."

Katika karai hilo, vingi ni vya nyumbani. Mawese hutoka kwenye michikichi ya Rumonge, na sukari Burundi huitengeneza Moso. Mgeni ni unga. Ngano hupenda baridi, na ufuko wa Tanganyika, ulio mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, una joto. Burundi hulima ngano katika milima yake mirefu, lakini mavuno hayatoshi. Pengo huzibwa na ngano ya ng'ambo, na Dar es Salaam ni moja ya milango yake. Kutoka huko mzigo hupanda kwa lori, au kwa reli iliyofika Kigoma mwaka 1914, kisha kwa meli za ziwani.

Chapati na mandazi havikutoka Marekani. Vilipanda bara kutoka pwani pamoja na biashara. Lakini soko la ngano la dunia lilijengwa kwa sehemu kubwa huko.

Mwaka 1874, walowezi wa madhehebu ya Mennonite walihama kutoka kusini mwa Urusi ya wakati huo, karibu na Bahari Nyeusi, wakafika Kansas na mbegu ya ngano iitwayo Turkey Red. Ilistahimili majira ya baridi na ukame. Punje zake zilikuwa ngumu, zikawasumbua wasagaji wa vinu vya mawe. Viwanda vya Minneapolis vilipoanza kutumia rola za chuma, ngano ngumu ilitoa unga mweupe kwa wingi na kwa bei nafuu. Mwaka 1928, katika mji wa Chillicothe, Missouri, ukauzwa mkate uliokwisha kukatwa vipande kwa mashine.

Baadaye wakulima wa Marekani walivuna kuliko walivyoweza kuuza. Mwaka 1954 Rais Eisenhower alitia saini sheria iliyoruhusu ziada hiyo kuuzwa ng'ambo kwa masharti nafuu, hata kwa sarafu ya nchi inayonunua, au kutolewa kama msaada. Nchi nyingi zisizoota ngano zikazoea mkate. Mazoea hayo yalibaki hata pale masharti nafuu yalipokwisha.

Leo wauzaji wakubwa wa ngano kwa Afrika Mashariki ni pamoja na Urusi, kutoka eneo lile lile la Bahari Nyeusi lililowapa Wamarekani mbegu. Ndiyo maana vita vya Ukraine vilipozuka Februari 2022, bei ilipanda duniani kote na madonge ya mandazi yakapungua.

Mfanyabiashara hawezi kusimamisha vita, lakini yapo anayoweza kuyafuatilia. Ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa ngano isiyosagwa ni asilimia 35, ila baadhi ya nchi wanachama huomba kutoza asilimia 10 kwa muda. Maamuzi hayo hutangazwa katika Gazeti la Jumuiya mwaka wa bajeti unapoanza Julai, na hugusa bei ya vinu kabla mfuko haujafika mpakani. Kwa mwenye mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, upo utaratibu wa cheti rahisi cha asili ya bidhaa, kinachotolewa mpakani kwa bidhaa zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa. Ni vyema kuuliza kama unga unaobeba umo kabla ya kulipia usafiri.

Jambo la pili ni aina ya unga. Ule wa ngano ngumu huvutika na kuumuka, hufaa mkate. Wa ngano laini hufaa keki na biskuti. Wengine huchanganya unga wa muhogo ili kupunguza gharama, lakini muhogo hauvutiki. Ukizidi, andazi haliumuki na mteja huhisi uzito.

Kwa muuza mandazi wa Kigwena, kosa la mfuko mmoja ni faida ya siku kadhaa. Akipandisha bei, mvuvi hupita bila kununua. Akipunguza donge, huulizwa swali lile lile kila alfajiri. Ndiyo maana mchuuzi anayemletea unga kutoka Rumonge mjini huulizwa mambo mawili kabla ya bei: umesagwa wapi, na ni wa mkate au wa keki?