Jhumpa Lahiri na Lugha Yake ya Tatu

Sisi wanafunzi wa lugha tumezoea kumpanga mwandishi kwa lugha aliyoinyonya kwa mamaye. Maisha ya Bibi Jhumpa Lahiri, mwandishi wa riwaya wa Marekani, yaonyesha jinsi mpango huo uwezavyo kutupoteza.

Alizaliwa London mwaka 1967, wazazi wake wakiwa Wabengali waliotoka India. Angali mtoto mdogo walihamia Marekani, wakakaa Kingston katika jimbo la Rhode Island, ambako babaye alifanya kazi katika maktaba ya chuo kikuu. Nyumbani alisema Kibengali, lakini kukisoma na kukiandika hakukumudu vema. Kiingereza cha shuleni ndicho alichokuja kukiandikia. Hata jina ajulikanalo nalo lilikuwa la nyumbani tu: mwalimu wake aliliona jepesi kuliko majina yake rasmi, Nilanjana Sudeshna. Dhiki hiyo ya kuwa na majina mawili yaonekana katika riwaya yake ya kwanza, The Namesake (2003).

Alihitimu Barnard College mwaka 1989, kisha akapata udaktari katika Chuo Kikuu cha Boston. Kitabu chake cha kwanza, Interpreter of Maladies, mkusanyo wa hadithi fupi uliotoka mwaka 1999, kilipata zawadi ya Pulitzer mwaka 2000. Riwaya ya pili, The Lowland (2013), ilifika katika orodha ya mwisho ya zawadi ya Booker.

Hata hivyo, sifa zake zikiwa zimeenea, mwaka 2012 alihamia Roma pamoja na jamaa yake, akaanza kuandika kwa Kiitalia, lugha aliyojifunza ukubwani. In altre parole kilitoka mwaka 2015. Kukifasiri kwa Kiingereza alikataa, akichelea kwamba mkono wake uliozoea Kiingereza ungetaka kukisahihisha Kiitalia chake. Kazi hiyo ikafanywa na Ann Goldstein. Riwaya Dove mi trovo (2018) aliifasiri mwenyewe, ikatoka kwa jina la Whereabouts mwaka 2021.

Tofauti iliyopo ni ya mtindo pia. Riwaya za kwanza zimejaa majina, ukoo na tarehe. Katika Dove mi trovo msimulizi hana jina, mji hautajwi, na sura ni fupi mno. Wako watakaosema kwamba huo ni umaskini wa msamiati. Mimi naona kwamba uhaba wa maneno ulimlazimisha kupima kila neno, na alichokipoteza katika wingi alikipata katika ukali wa macho.

Jambo hili si geni kwetu. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alikulia katika Kikerewe, lakini aliandika riwaya zake kwa Kiswahili, kuanzia Rosa Mistika (1971). Kinyume chake, Abdulrazak Gurnah wa Unguja, aliyepata zawadi ya Nobel mwaka 2021, alikulia katika Kiswahili akaandika kwa Kiingereza. Lakini hao wawili walizikuta lugha zao za kuandikia shuleni. Bibi Lahiri hakusukumwa na shule wala serikali. Basi tunapohesabu waandishi wa lugha fulani, haitoshi kuuliza walizaliwa katika lugha gani. Yafaa tuulize pia ni lugha gani waliyoichagua, na kwa gharama gani.